Mtu wa Sita kwenye Bendera ya Leitrim

Hughie Prunty alikuwa mtu wa haya. Utotoni aliwahi kushinda na njaa nyumbani kwa shangazi yake kwa sababu hakuna aliyemwita mezani kwa jina lake. Ujanani alimchumbia Rosaleen Twomey kwa miaka minne, na mwishowe Rosaleen ndiye aliyemwuliza kama harusi itakuwa kabla ya Kwaresima au baada yake. Sasa alikuwa na miaka hamsini na saba, watoto wamekua na kuhama, na bado alikuwa akivuka barabara ili asisimame kuongea na padre.

Tangu ana miaka kumi na minane alifanya kazi katika kiwanda cha karatasi cha Harlan Mills, huko Marekani, mtambo namba tatu, upande wa kukaushia. Kulikuwa na joto la kuunguza na kelele za kuziba masikio, na kelele hizo zilimpendeza, maana hakuna aliyetegemea aseme neno.

Mtambo ule haukuwa na sikukuu. Ukizimwa, kuuwasha tena ilikuwa kazi ya siku nzima na karatasi nyingi kuharibika, kwa hiyo hata Krismasi ulizunguka. Ndiyo maana wafanyakazi walikuwa na desturi yao, ambayo haikuandikwa popote. Tarehe kumi na saba Machi, siku ya Mtakatifu Patriki, Wapolandi walisimama zamu za Waayalandi ili hao waende misa na maandamano. Jumatatu ya Pasaka, Wapolandi walipokuwa wakimwagiana maji mitaani, kama ilivyo desturi ya kwao, na kucheka, Waayalandi walisimama zamu zao. Mwezi Juni makundi hayo mawili yalisimama zamu za Wafaransa waliotoka Kanada, ili nao wapate sikukuu yao. Kila mtu alikuwa na mwenzake wa kubadilishana naye, kama watu wanavyokuwa na jirani wa kukopa kwake chumvi.

Mwaka ule wa 1987 tarehe kumi na saba ilikuwa Jumanne, na Hughie alikuwa na tatizo. Yeye ndiye aliyetunza bendera ya kaunti ya Leitrim huko Ayalandi, alikozaliwa babu yake. Ilikuwa bendera ya hariri, pana kama shuka la kitanda cha watu wawili, iliyoshonwa na wanawake wa parokia zamani, kabla baba yake Hughie hajazaliwa. Watu wawili hushika miti yake na wanne hushika kamba, maana upepo wa Machi ukiikamata bila kamba humtupa mtu chini. Na chama cha parokia kilikuwa na sheria yake: bendera isiyo na watu sita wa damu ya kaunti hiyo haiandamani, na isipoandamana mwaka mmoja huteremshwa chini ya kanisa na haipandi tena. Bendera ya Longford ilikuwa huko. Ya Monaghan pia, na panya walikuwa wameanza kuila.

Hughie alikuwa na watu wanne: yeye, kaka yake Mel aliyekwisha kustaafu, na mabinti wawili wazee wa ukoo wa McGoldrick. Jimmy Mulvey, aliyeshika kamba miaka yote, alikuwa amefariki msimu wa majani kupukutika. Eugene Prior wa chumba cha kukatia karatasi alikuwa tayari, lakini Mpolandi wake wa kubadilishana naye zamu alikuwa amehamia kwa mwanawe Florida.

Jumapili ya mwisho ya Februari, Bernie Gilhooly akaja kunywa chai. Bernie alikuwa katibu wa chama, mjane, mwanamke mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Mama yake alitoka Leitrim, lakini yeye kila mwaka alitembea mbele na viongozi, utepe wa kijani begani. Alitoa karatasi kwenye mkoba akaiweka juu ya meza, kando ya mkate wa magadi.

"Ni ombi la kwenda Washington," alisema. "Siku ya Mtakatifu Patriki iwe sikukuu ya taifa. Nchi nzima ifunge."

Rosaleen akaichukua akaisoma. "Hapa wameandika Jumatatu iliyo karibu na tarehe kumi na saba."

"Washington hawatoi sikukuu katikati ya wiki, mpenzi."

"Lakini mtakatifu alikufa tarehe kumi na saba. Mnamhamishia kifo chake ili watu wapate wikiendi ndefu?"

"Rosaleen, usinianze."

"Basi wewe nawe umwombe Mungu akuchukue Ijumaa jioni, tusikose kazi."

Bernie akacheka mpaka chai ikamwagika, kisha akamgeukia Hughie. "Nina majina mia mbili na kumi. La kiwandani hakuna hata moja. Nikiwauliza, wananiambia: Prunty amesaini? Huongei, Hughie, lakini wanakutazama."

Hughie akatazama kikombe chake.

"Mwambie na la bendera," Rosaleen akasema. Alipoona mumewe hafungui mdomo, akalisema yeye. "Amepungukiwa watu wawili, Bernie. Eugene akipata mtu wa zamu, atapungukiwa mmoja. Wewe ni wa Leitrim kwa mama."

"Nitembee nyuma na kamba mkononi kama mchunga mbuzi?" Bernie akafikiri kidogo. "Haya. Saini hapa, na nitashika kamba."

Alisema kwa utani, lakini kalamu aliiacha mezani.

"Nipe siku chache," Hughie akasema.

Alizitumia siku hizo vibaya, usingizi haukuja. Hakuipenda karatasi ile, na hakujua kwa nini mpaka alipokuwa kazini Jumatano akimtazama Stan Wojnar, nyapara wa zamu, akipita na tochi yake kati ya mitambo. Stan alikuwa Mpolandi. Hughie akamfuata, akageuka, akamfuata tena.

"Una nini?" Stan akapaza sauti. "Unanizunguka kama nzi."

"Eugene Prior," Hughie akasema. "Tarehe kumi na saba. Hana mtu."

"Na mimi nifanye nini?"

"Nakuomba umtafutie."

Stan akamulika uso wake kwa tochi, kama mtu anayehakikisha ni yeye kweli. "Miaka thelathini na tisa uko hapa, na leo ndiyo mara ya kwanza unaniomba kitu. Nilidhani umekuja kuniambia unakufa." Akazima tochi. "Nasikia yule mama Gilhooly anataka serikali iwape siku yenu. Na sisi tupewe Jumatatu ya Pasaka? Wafaransa nao wapewe Juni? Nani atakausha karatasi?"

"Wangetulipa mara mbili tukifanya kazi."

"Hapo ndipo palipo na shida, rafiki yangu. Ikiwa sikukuu ya taifa, ni yangu pia. Ukiniomba nisimame zamu yako, nitakwambia, na mimi niko sikukuu, nataka kulala." Akajikuna kidevu. "Eugene nitasimama badala yake mimi mwenyewe. Nimewahi kukata karatasi, sijasahau. Lakini Jumatatu ya Pasaka wewe unasimama zamu mbili, saa kumi na sita, na sitaki kusikia mgongo unauma."

"Hutasikia."

"Kutoka kwako? Hilo naamini."

Jioni ile Hughie alienda kwa miguu nyumbani kwa Bernie. Alisimama mlangoni muda mrefu hadi Bernie akafungua bila yeye kubisha.

"Ingia, unanipotezea joto. Umesaini?"

"Hapana." Akavua kofia. "Eugene amepata mtu. Stan anasimama badala yake. Bernie, mimi naona ikiwa sheria, Stan hatasimama tena. Siku hii tunaipata kwa sababu mwenzetu anabaki. Ikitolewa na Washington, haitakuwa na mtu ndani yake."

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko aliyoyasema mwezi mzima. Bernie hakukasirika. Alikaa kwenye kiti cha marehemu mumewe.

"Maneno mazuri," akasema. "Sasa nikwambie yangu. Mwaka wa sitini na moja, baba mkwe wangu alichaguliwa kuongoza maandamano. Mara moja tu katika maisha yake. Mume wangu Frank alikuwa mgeni kiwandani, hakuwa na Mpolandi wake. Hakupata mtu. Ngoma zilipita nje ya ukuta wa kiwanda, naye yuko ndani, anazisikia. Baba yake akageuka kutazama madirishani mpaka akajikwaa. Nilikuwa nimemshika mkono. Desturi yenu ni nzuri kwa anayejua kuomba, Hughie. Sheria haimdai mtu ulimi."

Hughie aligeuza kofia mikononi. Jambo hili alilibeba miaka ishirini na sita, na siku zote alijiambia kwamba Bernie hahitaji kulijua.

"Frank aliniomba," akasema. "Mimi nilikuwa na Kazimir, Mpolandi wangu wa zamu, na Kazimir angesimama kwa wawili. Ilikuwa nimwambie tu. Kila siku nilisema kesho. Nilimwonea haya Kazimir, basi, hakuna sababu nyingine. Siku ikafika sijamwambia."

Saa ya ukutani iligonga.

"Frank aliniambia usiku uleule," Bernie akasema. "Alisema, yule Prunty ni mtu mwema lakini ana kufuli mdomoni. Nami nikakuchukia kama miaka mitatu. Halafu nikachoka."

"Samahani, Bernie."

"Umechelewa kidogo." Lakini alisema kwa upole. "Kwa hiyo unaona nina haki?"

"Naona una haki kwa watu kama mimi. Kwa wengine sioni. Siwezi kusaini ili nipate mtu wa kamba. Ningesaini uongo."

"Basi huna mtu wa sita."

"Basi sina."

Alivaa kofia, akamtakia usiku mwema, akaenda zake. Nyumbani alimwambia Rosaleen kila kitu, naye Rosaleen, ambaye kwa kawaida alikuwa na neno kwa kila jambo, alimwongezea viazi tu.

Jumanne ile iliamka na upepo mkali na mvua ya rasharasha. Baada ya misa, watu wa kaunti zote walipanga mistari nyuma ya kanisa. Cyril Tuohy, mpangaji wa maandamano, alipita na daftari akihesabu. Alipofika kwa Leitrim, Hughie na Mel walikuwa kwenye miti, Eugene na mabinti wa McGoldrick kwenye kamba. Kamba moja ilining'inia.

"Watano," Cyril akasema, macho chini. "Hughie, unajua sheria."

"Nampa Rosaleen kamba."

"Rosaleen ni wa kaunti ya Cork. Nikikuruhusu wewe, watu wa Longford watanila nyama."

Hughie aliangalia hariri ikipiga juu ya kichwa chake. Aliona jinsi ambavyo ingekunjwa, na ngazi za kwenda chini ya kanisa, na jinsi ambavyo angelazimika kushika kona yake yeye mwenyewe. Lakini safari hii hakunyamaza. Akapaza sauti, mbele ya parokia nzima, ikatoka nyembamba kama ya mvulana:

"Bernie! Nakuomba! Sina ninachokupa, nakuomba tu!"

Mbele, kati ya viongozi wenye tepe za kijani, kofia kubwa ya Bernie iligeuka. Watu wakacheka, mtu mmoja akapiga mluzi. Bernie alitoka mstarini akaja akikanyaga madimbwi, utepe ukipepea, uso mwekundu kama nyama ya chumvi.

"Huna aibu," akamwambia, "kuniita hivyo kama muuza samaki."

"Ninayo."

"Najua unayo. Leta kamba." Akaizungusha mara mbili kwenye kifundo cha mkono. "Cyril, andika sita kabla sijabadili nia."

Ngoma zikaanza. Waliteremka mtaa mkubwa, wakapita mbele ya kiwanda ambako mvuke ulikuwa ukitoka kama kawaida. Kwenye daraja upepo uliikamata bendera kwa nguvu zote, Mel akapepesuka, nao wote sita wakavuta huku na huku mpaka ikasimama.

"Wiki ijayo nakuletea tena ile karatasi," Bernie akasema, akihema.

"Ilete. Nitaisoma."

"Na kusaini?"

"Bado nitakataa, nadhani."

"Nadhani, anasema. Haya, vuta kwako, unaniachia mzigo wote."