Mtoaji Aonje Kwanza

Dorkasi alikuwa akionja kila kitu. Chai ya mgeni aliionja, mboga ya jirani aliionja, na hata maji ya kunywa, ambayo hayana siri yoyote, aliyapiga funda moja mbele ya macho yako ndipo akakukabidhi kikombe. Watu wa mtaa wa Kikuyu, pale Dodoma mjini, waliohamia kutoka mikoa mingine, walidhani ni ulafi. Wengine walicheka. Naye aliwaacha wacheke, kwa sababu kucheka kwao kulikuwa na nafuu kuliko kujua.

Kijijini kwao, kusini ya mji, pombe hainywewi mpaka aliyeileta ameonja mbele ya mnywaji. Ndiyo adabu, na ndiyo dhamana. Mwaka mmoja wa mavuno mazuri, Dorkasi akiwa bado kijana, alimpa shemeji yake Matonya kibuyu cha pombe ya mtama huku mtoto analia mgongoni, na katika kuhangaika kumbembeleza mtoto akasahau kuonja. Matonya akanywa, akasifu pombe, akainuka aende kwake, akaanguka papo hapo uani. Hakuinuka tena. Hakuna aliyemwambia Dorkasi neno usoni; wangesema, angejibu. Waliacha tu kupokea kitu mkononi mwake, na mtu akikataa maji yako huwezi kumpeleka barazani kwa mzee wa kijiji.

Mtoto yule wa mgongoni ndiye Zablon. Alisoma, akapata ukarani mjini, na baba yake alipofariki akamchukua mama yake akae naye. Hapo Dorkasi akapumua kidogo. Kisha Zablon, kana kwamba wasichana wa mjini wameisha, akaenda kuoa kijijini kulekule. Mke wake, Emilia, alikuwa binti mwenye heshima, shikamoo haimbanduki mdomoni, lakini alikuwa amelelewa na masimulizi yaleyale ya kibuyu chenye sumu. Mwanzoni alikuwa akisubiri mama mkwe aonje, ndipo anapokea. Mimba ilipokua, hata kusubiri akaacha. Akipewa kitu anasema, "Ahsante mama, sina kiu." Mwishowe akamwambia mumewe kwamba atakapojifungua, mama yake mzazi aje kumpikia uji. Dorkasi alikuwa ameshapepeta uwele wa uji huo na kuuweka pembeni, akausikia ujumbe huo akiwa ameshika ungo. Aliumia vibaya sana. Mwanamke anayekatazwa kumpikia mkwewe uji wa uzazi amekatazwa hata mjukuu, hilo halihitaji kuelezwa.

Miaka hiyo milango ya biashara ilikuwa imefunguliwa, na kila kilichowachosha Wazungu kilikuwa kikimwagwa mnadani. Zablon alikwenda kutafuta shati akarudi na boksi. Ndani mlikuwa na vijitabu vya Kiingereza vyenye picha za mazimwi, na dadu za ajabu, nyingine zina pande nyingi mpaka zinakaribia kuwa gololi. Octavian, mwalimu kutoka Bukoba aliyepanga chumba cha uani, alikesha na vile vijitabu mpaka akavielewa. Ulikuwa mchezo wa kusimulia. Mmoja anasimulia safari, mapango na majoka. Wengine kila mtu ana shujaa wake, anasema shujaa anafanya nini, na dadu ndiyo inayoamua kama amefanikiwa au ameumia. Watu wazima na kazi zao, Jumapili wakitoka kanisani wanakaa mezani kuua majoka yasiyokuwepo. Emilia, ambaye walidhani ataishia kuwaletea chai, ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. Shujaa wake alikuwa mwanamke wa mkuki, na alipenda kushinda waziwazi.

Tatizo likawa dawa. Mashujaa wa mchezo ule hutembea na vichupa vya dawa za kuponya, lakini kurasa zinazoeleza namna ya kuzinywa zilikuwa zimechanwa, labda Ulaya, labda mnadani pale kufungia bagia. Ikabidi watunge sheria zao za nyumbani. Zablon akasema mwenye chupa arushe dadu. Ikija moja, dawa imeoza, imegeuka sumu. Wakakubali. Ndipo Octavian, akijiona mjanja, akaongeza yake.

"Kwetu Bukoba mtu hakupi kinywaji kabla hajaonja yeye. Nanyi Wagogo si mna hivyohivyo? Basi na hapa mtoaji aonje kwanza. Akionja, nguvu ya dawa inapungua nusu. Ila mnywaji akimwambia asionje, anakunywa yote."

Dorkasi alikuwa mlangoni akimenya karanga. Ungo ulimponyoka. Kwa kitambo hakusikia kitu kingine chochote. Aliona tu mwanawe ameinamisha kichwa na Emilia ameziba mdomo kwa kiganja. Alidhani wamemweka kwenye mchezo ili wamcheke ndani ya nyumba yake. Masikini Octavian, hakujua lolote, na hakuna aliyekuwa na ubavu wa kumwambia. Sheria ikapita kwa sababu ya ukimya.

Tena hakuishia hapo. "Tumepungukiwa mtu," akasema. "Mama naye aingie, atubebee dawa. Njoo mama, huhitaji kusoma."

"Mwache mama apumzike," Zablon akasema haraka mno.

Haraka ile ndiyo iliyomchoma Dorkasi. Akajifuta mikono kwenye kanga, akavuta kiti, akakaa. Kama walitaka kumwona akibeba vichupa, basi watamwona.

Kusema kweli aliupenda ule mchezo kuliko alivyotegemea. Alibeba dawa, aliwaonya wasiingie pango lenye harufu, na shujaa wa Octavian alipokatwa mguu na jitu, Dorkasi akatangaza kwa sauti, "Naonja," kisha akampa. Akarusha dadu, ikaja vizuri, Octavian akapona nusu akashukuru. Ilikuwa rahisi hivyo. Alianza hata kutabasamu, mpaka joka likamwangukia Emilia.

Shujaa wa mkuki alibaki na pumzi ya mwisho. Chupa ilikuwa imebaki moja, nayo kwa Dorkasi. Zablon aliyekuwa akisimulia akahesabu kichwani, akaona kinachokuja. Nusu ya dawa isingetosha.

"Naonja," Dorkasi akaanza.

"Usionje, mama," Emilia akasema. "Nipe yote."

Tangu mazishi ya Matonya hakuna mtu aliyewahi kumwambia Dorkasi maneno hayo, wala hakutegemea kuyasikia kabla hajazikwa yeye. Alimtazama mkwewe kuona kama anacheka. Hakuwa anacheka, alikuwa amekaza macho kwenye dadu, anataka kupona tu. Pengine hata yeye hakujua amesema nini. Dorkasi akaiokota dadu, akairusha.

Ikaja moja.

Dorkasi aliitazama ile dadu akaona uani kwao, akaona kibuyu kimelala ubavu na pombe inanywewa na vumbi. Mkono wake ukabaki hewani kama umesahaulika. Akasema kwa sauti ndogo, "Nimemuua." Octavian akaanza kueleza kwamba ni mchezo, Zablon akamkanyaga mguu chini ya meza.

Emilia naye alikuwa amebaki mdomo wazi. Alishangaa dadu kwanza. Kisha akauona uso wa mama mkwe, na huo ndio uliomshtua zaidi, kwa sababu katika masimulizi yote aliyolelewa nayo hapakuwa na uso huo. Mwuaji wa masimulizi yale alicheka chinichini. Huyu alikuwa mzee anayetetemeka.

"Mama," akasema, "dadu imeanguka tu. Mimi ndiye niliyetaka usionje. Hukunifanya kitu."

"Mkono ulikuwa wangu."

"Mkono wako, ndiyo. Lakini nimekufa kwa bahati mbaya."

Dorkasi akageuka akamtazama sawasawa, jambo ambalo hawakuwa wamelifanya kwa muda mrefu, wala mmoja wao.

"Na Matonya?" akauliza.

Zablon akafumba macho. Jina hilo halikuwa limewahi kutamkwa katika nyumba ile. Emilia akaweka mkono juu ya tumbo lake, na ilionekana wazi kwamba analitafuta jibu la kweli, si la kumfurahisha mtu.

"Na yeye, mama," akasema. "Alikufa tu."

Dorkasi akateremka kwenye kiti mpaka sakafuni, na palepale, mbele ya mpangaji, akalia msiba wa shemeji yake, ambao siku ya mazishi hakuna aliyemruhusu kuulilia.