Aliyekuja Kusikiliza Wimbo wa Mwisho

Sikuwa nimelewa, sikuota, wala haya sikusimuliwa na mtu. Yalinipata mimi mwenyewe katika duka letu la muziki mjini Embu, mchana, mlango ukiwa wazi. Ukitaka kucheka, cheka sasa, halafu unisikilize.

Siku hizo watu walikuwa wameanza kuziacha santuri na kununua kaseti. Mume wangu Njeru alikuwa akiwarekodia wateja nyimbo. Chakula chetu kilitoka kwa benga na nyimbo za injili, lakini moyo wake ulikuwa kwa bendi moja ya Wazungu, wale wa magita ya kelele na nywele za kufika mgongoni. Bendi hiyo ilijulikana dunia nzima. Hata vijana wa chuo hapa Embu walichora jina lake kwenye mikoba yao. Basi ilipotoa albamu mpya, Njeru akaagiza santuri zake nyingi, nazo zikakaa bila kununuliwa. Haikuwa mbaya, nisiidhulumu. Ila haikuwa na lolote. Vijana walisikiliza nyimbo mbili, wakatazamana, wakasema, "Hawa wazee wamechoka," kisha wakaitisha ile ya zamani.

Siku yenyewe ilikuwa ya ile miezi ya baridi. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka barabarani na manyunyu hayakomi. Njeru alikuwa amepeleka kaseti kwa mteja wetu wa Laare, kule kwa wakulima wa miraa, na angelala huko. Nilibaki na mtoto wetu wa kwanza, Nyaga, aliyekuwa ameanza kusimama kwa kushika kaunta. Alipewa jina la babake Njeru, kama desturi yetu ilivyo: kijana wa kwanza ni wa babu.

Nilikuwa nimetoka kupiga deki alipoingia mwanamume mwembamba mwenye koti kubwa.

"Mama, hamjambo? Mko na ile albamu ambayo watu hawaipendi?"

Nilicheka. Nani huulizia kitu hivyo? Nikaitoa chini ya rafu, nikaipangusa vumbi.

"Niwekee upande wa pili," akasema. "Kama hutajali, tusikilize mpaka mwisho."

Hakukaa kwenye kiti. Alisimama karibu na spika, akaweka kiganja juu ya kitambaa kinachoifunika, kama mtu asiyesikia vizuri. Maneno aliyajua yote. Aliyasema polepole kabla ya mwimbaji. Mtoto wangu, ambaye hulia akiona mgeni, alimtazama tu.

Wimbo wa mwisho ulikuwa mrefu na wa kuchosha. Ulipofika katikati, maneno yakamwishia yule mtu, akajikunyata ndani ya koti lake.

"Yangu hukatikia hapa," akaniambia. "Kila mara, ni hapa."

Gita likalia, ngoma zikapigwa, sauti ikafifia, ikabaki sindano ikikwaruza. Niamini, sijawahi kuona uso wa mtu ukisawijika namna ile.

"Kumbe ilikuwa hivyo tu," akasema. "Nilidhani huko mbele kuna kitu."

Nilimhurumia, hata sijui kwa nini. Kisha akamgeukia mtoto.

"Huyu anaitwa nani?"

Nyanya yangu alitukataza kumtajia mgeni jina la mtoto kabla mgeni hajataja lake. Nikaona nimkwepe. "Bado hajapewa jina," nikasema.

"Mkubwa hivi?" Akatabasamu. "Basi achukue langu."

Na mimi, kwa ujinga, nikauliza, "Lako ni nani?"

"Mugendi."

Akamwekea mtoto mkono kichwani, akatoka kwenye ukungu. Mtoto akacheka. Nilipomgusa, utosi wake ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Halafu nikaitazama sakafu. Kila aliyeingia siku ile aliniletea matope mekundu. Mahali aliposimama yule palikuwa safi.

Njeru aliporudi kesho yake nilimweleza. Akatafuta pa kukaa.

"Mwalimu Mugendi wa Manyatta," akasema. "Nilimrekodia hiyo albamu. Kaseti ilijaa kabla wimbo wa mwisho haujaisha. Nikamwambia arudi na nyingine nimmalizie."

"Hakurudi?"

"Aligongwa na gari, Mama Nyaga. Nilikuwa kwa mazishi."

Ningeweza kukubali kwamba nilimwona marehemu, nikaombewa, yakaisha. Lakini tangu siku ile mtoto hakuitika jina lake. Tuliita Nyaga, Nyaga, hata hageuki. Tulidhani masikio, tukampeleka kwa daktari, masikio mazima. Pasta akaja akaomba. Jioni moja Njeru akasimama nyuma ya mlango, akasema kwa sauti ya chini, "Mugendi." Mtoto akageuza kichwa.

Tukampeleka Manyatta. Mamake mwalimu alikuwa ameketi nje akichambua maharagwe. Hata hatujamaliza salamu, mtoto aliniponyoka mikononi, akatambaa mpaka kwake, akashika sketi yake. Tukamweleza yote. Hakushangaa wala hakulia. Aliniuliza jambo moja tu.

"Alikuwa anasikia baridi?"

"Hapana, mama," nikasema. "Alikuwa na koti."

"Sawa," akasema, akamshika mtoto mkono.

Kijana wetu amekua vizuri. Ana heshima, ana kazi, kanisani haachi. Kwenye kitambulisho ni Nyaga, lakini hakuna amwitaye hivyo. Ya Manyatta hatukumwambia hata siku moja.

Alipooa na kupata mtoto wa kiume, Njeru alivaa suti, tukaenda hospitalini. Mtoto angeitwa Njeru, nani angefikiria vingine? Muuguzi akauliza jina. Mwanangu akajibu bila kusita, "Ireri."

Katika ukoo wetu hakuna Ireri. Mume wangu alitoka nje ya wodi. Mimi nilienda Manyatta kuuliza, ingawa nilishajua. Yule mama alikuwa ameshafariki. Jirani yake ndiye aliyeniambia kwamba Ireri alikuwa mumewe, babake mwalimu.

Mjukuu wetu sasa anasoma shule. Anampenda babu yake, humfuata kila mahali. Njeru humbeba, humnunulia viatu, lakini kumwita jina hajaweza. Humwita "wewe".

Kwa hivyo wewe mwenye mtoto, mgeni akikuuliza jina lake, mtajie au nyamaza. Mwambie ni siri, mkosee adabu ukitaka. Lakini usiseme hana.