Zizi Lililochorwa kwa Wino

Mvua ya kwanza ikigonga bati la nyumba yangu, mimi hufurahi kwanza, halafu ndipo naona aibu. Wajukuu wangu hudhani babu anafurahia shamba. Sijawahi kuwaambia kuwa furaha ile ni ya zamani, ya enzi ya Mdachi, yaani Mjerumani, na kwamba haikuwa na uhusiano wowote na uwele wala mtama. Nilikuwa nikingojea mvua ili imwangamize mtu.

Nilikuwa nimemaliza skuli ya serikali huko pwani, nikarudishwa Dodoma kujifunza uchoraji wa majengo. Reli ilikuwa imefika juzi tu. Kila kitu kilitakiwa kijengwe upesi: stesheni, maghala, nyumba za wafanyakazi, ofisi. Mafundi wa kuinua matofali walikuwapo tele, ila wa kuchora hawakuwapo. Basi mkuu wa majengo, Mjerumani mwenye ndevu nyekundu na mkono usiotetemeka hata chembe, akachukua vijana wawili awafundishe kwa miaka mitatu. Mmoja nilikuwa mimi, Mgogo wa hapa hapa, niliyezaliwa ndani ya tembe, nyumba yetu ya udongo yenye paa bapa na ng'ombe uani, upande wa Mlali. Wa pili alikuwa Mnyamwezi, mtoto wa mpagazi aliyepita nchi yetu mara nyingi na misafara ya pembe za ndovu kabla ya gari moshi kuja, na kila mara wazee wetu walimtoza hongo, ushuru wa njia na maji.

Tulifundishwa kuchonga penseli mpaka ncha iwe kama mwiba. Tulifundishwa kukoroga wino, kutandaza karatasi bila kuikunja, kuchora nyumba kwa sura tatu: kama inavyoonekana na ndege aliye juu, kama inavyoonekana na mgeni aliye mlangoni, na kama ingeonekana lau mtu angeikata katikati kwa kisu kama boga. Hiyo ya tatu ndiyo niliyoipenda. Kuona ukuta kwa ndani, unene wake, msingi ulivyojificha ardhini! Usiku nililala nikiota mikato.

Tuliambiwa mapema kuwa meza ya kudumu katika ofisi ya michoro ilikuwa moja tu. Mwisho wa mwaka wa tatu mmoja wetu angeketi pale na kuitwa mchoraji wa serikali, na mwingine angekwenda kusimamia vibarua. Niliitaka meza ile kuliko nilivyotaka mke.

Katika mwaka wa pili mwalimu alituamuru tuchore nyumba ya mawazo yetu wenyewe. Nilifanya kazi wiki tatu. Nilichora tembe, lakini tembe ya matofali: vyumba vimezunguka ua, mlango mmoja tu mkubwa, kuta nene za kuzuia joto, paa la chini lisilobishana na upepo wetu. Ndani ya ua niliweka baraza pande zote nne. Nilitaka kumwonyesha Mjerumani kuwa baba zangu walijua jambo.

Mnyamwezi alikuja kuchungulia begani kwangu. Akainamisha kichwa kulia, akakiinamisha kushoto.

"Mtani," akasema, "mlango wa ndama uko wapi?"

Nikaendelea kupiga mstari.

"Na mama mkwe wako akija, atainama au atatambaa?"

Akacheka kile kicheko chake cha kupiga paja. Mwalimu akasogea, akauliza kwa Kiswahili chake kigumu kuna nini. Mnyamwezi akajibu, "Hakuna neno, bwana. Mgogo amechora zizi."

Lazima niseme wazi, maana vijana wa leo wanasahau. Wagogo na Wanyamwezi ni watani. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, akachukua kuku wako, akamwita baba yako fisi, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Una ruhusa ya kitu kimoja tu: kumrudishia kwa neno chungu zaidi. Yule kijana alinirushia mpira na kusubiri niurudishe. Lakini mimi nilikuwa nimekaa pwani miaka minne, nimezoea viatu na kola, nami nikasikia tusi mahali palipokuwa na mchezo. Na zaidi ya hapo, Mjerumani hakuwa na habari ya utani. Yeye alisikia mwanafunzi mmoja akisema kazi ya mwenzake ni zizi, akaitazama, akaona ni kweli. Akacheka. Akachukua kalamu, akaandika neno hilo la zizi kwa Kijerumani juu ya mchoro wangu, akautundika ukutani karibu na mlango, wageni wauone. Tangu siku hiyo aliniita fundi wa zizi.

Mnyamwezi aliona nilivyobadilika uso. Jioni ile alinifuata. "Mtani, mbona hujajibu? Nimekungoja mpaka shingo imeniuma."

Nikamwambia, "Nitajibu."

Nilidhamiria. Kila asubuhi nilipita chini ya karatasi ile nikiingia kazini, na kila asubuhi niliisoma. Wino wake haukufifia hata kidogo.

Mwaka wa tatu ukafika mtihani. Kila mmoja alipaswa kuchora nyumba ndogo ya wafanyakazi, vyumba viwili na baraza, kisha kuijenga na mafundi sita. Kuchagua kiwanja kulikuwa sehemu ya mtihani. Mwalimu alituonyesha eneo kubwa upande wa Makole akasema kila mtu atafute mahali pake. Mimi nilikwenda moja kwa moja kwenye udongo mwekundu wenye kokoto, chini ya majabali. Mnyamwezi alipenda uwanda uliokuwa chini kidogo, tambarare kama meza, wenye mchanga safi juu na hewa ya kutosha. Ilikuwa katikati ya kiangazi.

Mtoto yeyote wa Kigogo aendaye kuchunga angeutazama uwanda ule na kutingisha kichwa. Hapakuwa na kichuguu hata kimoja. Wazee wetu husema mchwa ni mjenzi wa kwanza. Asipojenga yeye, usijenge wewe. Chini ya mchanga ule wa kuletwa na maji kulikuwa na udongo mweusi wa mbuga. Kiangazi huwa jiwe. Masika hunywa maji ukavimba kama unga uliotiwa hamira, ukanyanyua chochote kilicho juu yake, kisha ukakishusha vibaya.

Yeye hakuwa mjinga. Alichimba shimo la kufika gotini, sururu ikadunda. Akaniita. Nakumbuka alivyojifuta jasho kwa kiganja na kuniuliza bila mzaha wowote, jambo lililokuwa nadra kwake.

"Ndugu yangu, nchi ni yenu. Udongo huu unauonaje?"

Nikachuchumaa. Nikaugonga kwa kifundo cha kidole.

"Mgumu kama jiwe," nikasema.

Sikusema uongo. Nimejitetea kwa neno hilo miaka mingi sana, na sasa naliacha. Lilikuwa uongo. Aliniuliza kama mtu anayemwuliza mwenyeji njia ya maji, nami nikamwelekeza jangwani.

Nyumba yake ilikuwa nzuri kuliko yangu. Hilo nalo lilinitia moto. Pembe zake zilikuwa kali, tao la baraza limekaa kama nyusi, na madirisha aliyapanga yapokee upepo wa jioni. Mwalimu aliizunguka mara mbili mikono nyuma, akasema, "Safi." Kwangu alisema, "Imara," akaondoka. Nikarudi nyumbani nikatazama mbingu.

Mama yangu aliomba mvua kwa ajili ya uwele. Mimi niliiomba kwa ajili ya nyufa. Wingu lilipojikusanya upande wa mashariki nilisimama nje, na lilipotawanyika nililala na hasira kana kwamba nimeibiwa. Mvua ya kwanza ilikuwa ya kulowesha vumbi tu. Ya pili ilinyesha siku nne.

Siku ya sita niliona ufa. Ulianzia pembe ya dirisha la kushoto ukashuka kama ngazi, tofali kwa tofali, hadi msingini. Asubuhi iliyofuata kidole kiliingia. Baada ya wiki, mkono. Mlango ukagoma kufunguka, na lile tao lililokaa kama nyusi likaachana katikati. Nilikwenda kuutazama ufa ule kila siku nikijifanya napita. Niliugusa. Sijawahi kuchora mstari uliotimia kama ule.

Mwalimu alifika na matope meusi yamemganda kwenye buti mpaka anatembea kama mtu aliyefungwa mawe. Tulisimama wote wawili mbele yake.

"Nani alikagua ardhi?"

"Mimi, bwana," akasema Mnyamwezi.

"Nani alikushauri?"

Hapo mwenzangu alinitazama. Hakunitazama muda mrefu. Nilikuwa tayari na jibu langu: ningesema niliulizwa habari ya ugumu, sikuulizwa habari ya mvua.

"Hakuna, bwana. Nilikagua peke yangu."

Alihukumiwa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, kwa kuharibu mali ya serikali. Tuliamriwa kusimama bomani tutazame. Nisiwadanganye: nilifurahi. Katika viboko vya mwanzo nililiona neno lile la Kijerumani likifutika herufi moja moja. Kisha nikaona kuwa hapigi kelele, na furaha yangu ikakosa pa kushika. Lakini sikutoka mbele kusema neno. Meza ilikuwa yangu, na nilijua.

Alikuja ofisini siku ya tatu kuchukua vitu vyake. Alitembea ameinama. Nikidhani atanitemea mate, akaegemea mlango, chini ya ule mchoro wangu wa tembe, akatabasamu.

"Mtani, baba yako alimtoza baba yangu kitambaa kwa kibuyu kimoja cha maji ya matope. Wewe umenitoza mgongo. Hongo ya Wagogo imepanda!"

Alikuwa amejua, na bado alinirushia mpira. Angeweza kunichukia, lakini aliamua kunitania, ili nijibu, nicheke, tulie, yaishe. Mimi niliinamia karatasi yangu nikaendelea kuchora.

Miezi michache baadaye baba yangu alifariki. Kwetu msiba una kazi za watani: wao ndio hufanya waliofiwa wacheke, na bila wao mazishi huonekana hayana chumvi. Mnyamwezi, ambaye sasa alisimamia vibarua wa kokoto relini, alisikia, akaja kwa miguu hadi kijijini. Alichukua fimbo ya marehemu, akatembea kama marehemu, akakohoa kikohozi chake chenyewe. Shangazi zangu walicheka huku machozi yakiwatoka. Alikaa ukingoni mwa kaburi akazuia mazishi.

"Mzee huyu haingii shimoni mpaka nipewe jogoo! Alikunywa maji yote ya nchi hii peke yake, baba yangu akapita na kiu!"

Akapewa jogoo. Kisha akanijia mimi, akatia mkono katika mfuko wa koti langu, akatoa bikari. Ilikuwa bikari ya shaba niliyopewa na mwalimu siku nilipokabidhiwa meza. Akaiinua watu waione.

"Na hii naizika pamoja naye, kule aendako akawachoree ng'ombe wake zizi!"

Watu wakaangua kicheko. Mimi nikasikia zizi tu. Nilimkamata kifundo cha mkono nikakisokota.

"Rudisha, mwizi!"

Kicheko kilikatika. Shangazi yangu mkubwa akasema polepole, "Mwanangu, mtani haibi."

Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na mkono wangu ulikuwa bado umemshika. Mnyamwezi aliiweka bikari kiganjani mwangu, akamkabidhi shangazi jogoo, akafuta mikono yake kwa mchanga.

"Nisamehe, bwana," akaniambia.

Hakuwahi kuniita bwana kabla ya hapo. Akaondoka kaburi halijafukiwa, na waliobaki wakamzika baba yangu kimya kama watu wanaoficha kitu.

Vita vilipokuja, Wadachi walirudi nyuma na wapagazi wakakusanywa kwa nguvu kutoka kila upande. Nilikuwa nafunga michoro katika masanduku nilipoona msururu ukipita mbele ya ofisi, na yeye akiwa katikati, sanduku la risasi kichwani, shingo imekaza. Nikatoka mbio. Kwa miaka yote ile nilikuwa nimetunga majibu ya lile neno la zizi, mengi mno, na lililo bora kuliko yote likanijia mdomoni.

"Ee mtani!" nikapiga kelele. "Baba yako alipita hapa na mzigo, na wewe unapita na mzigo! Ukoo wenu haujui kutua?"

Wapagazi wawili wakacheka. Lilikuwa jibu zuri. Nilidhani naye angecheka, angenitukana mimi na mama yangu na ng'ombe wetu wote, na ningempokea sanduku lile nikatembea nalo mpaka askari anifukuze.

Alisimama. Akageuza shingo taratibu kwa ajili ya mzigo, akanitazama kama wanavyotazamwa watu wa ofisini.

"Ndiyo, bwana," akasema, akaendelea na safari.