Kamanda wa Miguu Minne

Kuna watu ukiwapa filimbi wanadhani umewapa serikali. Kamanda alikuwa wa kundi hilo. Hakuwahi kuwa askari, hata ulinzi wa mlangoni hakuufanya. Jina alijibandika mwenyewe, akalirudia mbele za watu mpaka likamkaa. Kazi yake ilikuwa kuongoza watu wa maofisini waliokuja mwisho wa wiki kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa. Walilipa, wakapewa pikipiki za magurudumu manne, wakapanda na kushuka vilima vya vifusi, kisha wakarudi makwao na vumbi la kujisifia kazini. Wenyeji waliziita pikipiki za miguu minne. Kamanda alitangulia na filimbi yake, wengine wakafuata nyuma kama vifaranga.

Na aliwadharau, si mchezo. Aliwaita mayai. "Haya, mayai yangu, leo asivunjike mtu," alisema kila asubuhi, nao wakacheka wakidhani matusi yamo kwenye bei. Mwanasheria alimwona bure, daktari wa meno alimwona bure zaidi, na mhasibu mmoja mwenye miwani, mteja mwaminifu kuliko wote, ndiye aliyemdharau kupita kiasi, kwa sababu yule bwana alitii kila alichoambiwa. Kamanda hakuwa na heshima kwa mtu anayetii, na asiyetii hakumtaka.

Sheria yake kubwa ilikuwa moja: miguu juu. Kwenye pikipiki ya miguu minne, ukishusha mguu ardhini wakati inatembea, tairi la nyuma linaukanyaga na kuuvuta. Hiyo ni kweli, na tumpe haki yake. Lakini yeye aliisema kama ufunuo. Ukishusha unyayo hata baada ya kusimama, filimbi ililia na aibu ukaipata mbele ya wenzako. Mhasibu akawa hashushi miguu hata akikaa kwenye kiti cha kawaida akinywa soda.

Mwenye machimbo alikuwa mama mmoja aliyerithi yale mashimo kwa baba yake, naye wote walimwita Bi Mkubwa. Mkono wake ulikuwa mgumu. Sabuni ya kunawia aliikata vipande, na taa ya gereji aliizima mwenyewe hata kama fundi yuko uvunguni mwa pikipiki. Siku moja aliwakusanya wafanyakazi mlangoni mwa gereji akasema pikipiki za miguu minne zinauzwa.

"Spea zake hazipatikani, na zikipatikana zinaninyonya," alisema. "Mawe haya yanakula matairi, na kila moja ina matairi manne. Nimepata pikipiki za vumbi, za magurudumu mawili, za mtumba. Ukiuza moja ya hizi unapata mbili za zile, na chenji ya mafuta."

Zilipofika zilikuwa nyembamba, zimeinuka kiunoni, rangi zimebabuka. Mbili hazikuwaka kabisa. Fundi alizifungua, akachukua viungo vya hii akaipa ile, ikapatikana moja nzima. Kinga za magoti Bi Mkubwa alikataa kununua. Alileta ndoo za plastiki zilizopasuka, fundi akazikata vipande na kuvitoboa, wakavifunga kwa mipira ya tyubu iliyochanwa. Ukivaa unafanana na kobe, lakini goti linapona.

Kamanda alizizunguka akiwa amekunja pua. "Bi Mkubwa, hizi ni baiskeli zenye kikohozi. Mimi niliyezoea mashine, leo nikae juu ya ubao?"

"Kama huziwezi, sema."

"Kuziweza? Hizi ni za kusambazia mikate."

Bi Mkubwa alimwangalia kidogo. Alikuwa mbahili wa vitu vyote, na maneno pia hakuyatumia ovyo. "Jumamosi tunaanza," alisema. "Utaongoza wewe kama kawaida. Kama hujui, niambie leo. Kimya atakufundisha, na Jumamosi hii ataongoza yeye."

Kimya alikuwa kiongozi wa pili, mtu mzima mpole ambaye kabla ya hapo alisambaza vifurushi mjini kwa pikipiki. Kamanda alimtazama kuanzia kandambili mpaka kofia. "Huyu? Anifundishe mimi?" Akasonya, wafanyakazi wakainamisha nyuso, na nafasi ikapita.

Ukweli ni kwamba Kamanda hakujua kuendesha chochote chenye magurudumu mawili. Hata baiskeli. Utotoni alianguka mtaroni mbele ya wenzake, wakamcheka, akaapa hatapanda tena, na tangu siku hiyo kila aliyeijua baiskeli akawa mtu wa chini machoni pake. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, lakini yeye aliona bora afe bila mtoto kuliko kuvuliwa shati.

Aliyeijua siri hiyo alikuwa mkewe. Mama huyo alishona sare za shule, akazifunga robota na kuzipeleka kwa baiskeli, barabara ya mawe kwenda na kurudi. Kamanda alimcheka miaka yote. Alisema mkewe juu ya baiskeli ni kuku juu ya kamba ya nguo. Mama alimwacha acheke. Ndugu walipouliza kwa nini mume asimsaidie kupeleka mizigo, ni yeye aliyejibu kwamba mgongo wa mzee una matatizo. Mgongo wa mzee ulikuwa mzima kama mlango.

Usiku wa ile habari alimwambia taratibu, wakiwa wanakunja sare. "Baba watoto, kesho alfajiri twende uwanjani. Nikushikie kiti mpaka uzoee. Hakuna atakayetuona."

"Nishikiwe kiti? Mimi?"

"Sare zangu hazitoshi kodi, unajua. Kazi hii ikienda, hapa tunahama, na watoto wanabadilisha shule."

"Endelea kukunja nguo, mama. Mambo ya mashine niachie."

Akaachiwa. Siku zilizofuata, wenzake walipokwenda kula mchana, aliiburuta pikipiki moja mpaka juu ya mteremko wa nyuma, akaipanda na kuiacha iteremke. Mwanzo alianguka hovyo. Baadaye akagundua kwamba ikishika mwendo inajibeba yenyewe, akaanza kuiwasha, akakata kona moja, ya pili ikamkata yeye. Na kila safari aliimalizia palepale: kwenye lundo la mchanga chini ya mteremko, tairi la mbele likizama, pikipiki ikisimama wima bila yeye kufanya lolote. Alishuka akijipangusa na kujiona bingwa. Alikuwa amejifunza kwenda tu. Kusimama alikuwa anasimamishwa na mchanga, na kichwa kilivyokuwa kimejaa sifa, hakuona tofauti.

Jumamosi wateja walikuja, kundi la ofisi moja, wengi wao wakongwe wa miguu minne, mhasibu akiwa mbele na kinga zake za ndoo. Pikipiki zilikuwa ndogo, za klachi ya kujiendesha, hata anayeanza anaweza kusogea nazo. Kamanda alianza kuwapanga. Kimya alimsogelea akamnong'oneza.

"Kaka, ile sheria ya miguu. Leo uwaambie kinyume. Hizi mtu akitaka kusimama, lazima ashushe mguu."

Mtu mwingine angeshukuru. Kamanda alimjibu kwa sauti ya kusikika mpaka getini. "Nimeongoza watu wewe ukigonga milango ya watu na vifurushi. Rudi nyuma." Kisha akawageukia wateja na kupuliza filimbi. "Mayai! Sheria ni ileile. Miguu juu. Atakayeishusha tutamwacha hapahapa."

Walitoka vizuri. Walizunguka shimo la kwanza, wakapanda kilima kirefu, na pale kileleni ndipo Kamanda alipokuwa na desturi ya kusimama, kushika kiuno na kuwahutubia. Akafika, akapunguza, akakamata breki, miguu yote miwili ikiwa imetulia mahali pake. Akageuza shingo kuwatazama waja wake. Pikipiki ilifikiri kidogo, kisha ikalala ubavu, naye akalala nayo, mkono bado kiunoni.

Nyuma yake wakafunga breki. Waliokumbuka baiskeli za utotoni walishusha mguu, wakapona. Waliomheshimu Kamanda ndio walioanguka. Mwanasheria alianguka, mama mmoja wa masjala akaanguka, na mhasibu, ambaye kwa imani yake hakujaribu hata kunyoosha mkono, alidondoka mzimamzima juu ya jiwe na mfupa wa bega ukalia kwa sauti ambayo wote waliisikia.

Bi Mkubwa alipanda kilima kwa miguu, sketi ameikamata mkononi. Hakupiga kelele. Aliinama kwa mhasibu akamuuliza, "Nani alikwambia usishushe mguu?"

"Kamanda," alisema yule bwana, miwani imempinda, akijitahidi asilie. "Mimi nilifuata sheria."

Wote wakageuka. Neno moja lingetosha pale. Kamanda alisimama, suruali imechanika, akatema vumbi. "Pikipiki zako mbovu," alimwambia Bi Mkubwa, "na watu wako ni mayai." Akaushuka mlima peke yake akichechemea, na hakuna aliyemfuata, hata kwa macho. Walikuwa wanamshughulikia mgonjwa.

Nyumbani alitangaza kwamba ameacha kazi. Mkewe aliitazama ile suruali, akachemsha maji, akamkanda goti bila kuuliza. Kwa kawaida yake Kamanda alilalamika kwamba maji ni ya moto.

Kesho yake saa za jioni, hodi ikapigwa, mkewe akamfungulia Bi Mkubwa.

"Karibu. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mwenyewe yupo?"

"Yupo, amejilaza. Kaa, nikuletee chai."

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, na ukuta wa katikati haukufika kwenye dari. Kamanda, chali kitandani, alisikia hata kijiko kikizunguka kikombeni. Alisikia pia kila neno, na Bi Mkubwa alihakikisha hivyo.

"Sikuja kugombana," alisema. "Yule mhasibu amefungwa mkono, na matibabu yake nimeyabeba. Anasema akipona atarudi. Wateja wamemzoea mumeo, sijui kwa nini, nadhani wanapenda kutukanwa. Sitaki aombe radhi, kuomba radhi hakumpendezi. Nataka neno moja tu kinywani mwake: sijui. Akilisema, kesho anaanza kujifunza kwa Kimya, mshahara uleule. Asipolisema, siwezi kumkabidhi roho za watu."

Mkewe aliingia chumbani na kuvuta pazia nyuma yake. "Umesikia?"

"Mwambie sipo."

"Baba, nimeshamwambia upo. Na sasa hivi umekohoa."

"Nimesema mwambie sipo."

Mama alimwangalia mume wake alivyokaza macho kwenye dari, mtu mzima, baba wa watoto wawili, akiogopa silabi tatu. Uongo wa mgongo aliubeba miaka yote bila kuchoka, kwa sababu aliudhani ni wa heshima. Huu wa sasa aliuona mzito na mchafu, na zaidi ya hapo, wa kijinga. Akatoka.

"Anasema hayupo," alimwambia mgeni.

Bi Mkubwa hakucheka. Alimaliza chai yake yote, maana hakuwa mtu wa kuacha chai, akainuka na kuweka mkoba begani. "Haya, mwanangu," alisema. "Basi kazi nitampa aliyepo."

Geti likafungwa. Kamanda akapumua. Alijiambia kwamba ameshinda, kwamba wale watu wa ndoo magotini watakuja kumpigia magoti, na kwamba kesho mkewe atapata akili. Giza likaingia. Alisikia watoto wakiitwa kunawa mikono, akasikia sufuria ikifunuliwa na viti vikivutwa. Akangoja aitwe. Alisikia mazungumzo ya shule, vijiko, maji yakimiminwa, kisha vyombo vikioshwa. Hakuitwa.

Alipotoka, meza ilikuwa na alama za sahani tatu, na sufuria imefudikizwa, safi.

"Chakula changu kiko wapi?"

Mkewe alikuwa anafuta meza. Alimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyeingia bila hodi.

"Kumbe umerudi," alisema. "Hatukukuwekea."