Noti Isiyobisha Hodi

Wapangaji wenzangu walikuwa wanasema mwanangu atakuwa dansa. Kutembea kwenyewe anayumba, lakini nikifungulia biti ya singeli, muziki wetu wa mbio, anatikisa makalio yaliyojaa nepi na kucheka. Watu walikuwa wanakuja mlangoni kumtazama. Baba yake, seremala wa Keko, alimtangaza kazini kwao kwamba kijana wake ana masikio kuliko wasanii wote wa mjini.

Masikio. Hata sasa nikiliandika neno hilo natamani kumzaba mtu kibao.

Mie natengeneza biti. Chumba chetu hapa Temeke ndiyo studio: laptopu ya mtumba, kinanda kidogo cha kuchomeka, na spika kubwa ambayo mume wangu aliiundia boksi. Mvua zikizidi maji yanaingia ndani, kwa hiyo aligongelea mbao juu ya sakafu nzima, sie tukakaa juu yake. Spika iko juu ya mbao, mtoto yuko juu ya mbao. Elimu yangu ni kidato cha nne na kazi hii sikufundishwa, nilijifunza kwa kubonyeza na kuharibu.

Kilichonisumbua zaidi ni vitufe vinne vya kuzungusha kwenye programu, vimeandikwa A, D, S na R. Vinaamua noti iishi vipi. A ni kuingia. Ukiiweka sifuri, noti inaingia kama mtu aliyepiga mlango teke. Ukiipandisha, inaingia polepole kama mgeni anayevua viatu kwanza. D ni namna inavyotulia baada ya ule ukali wa mwanzo. S ni kimo inachobaki nacho wakati kidole bado kimekandamiza. R ni kuondoka: ukiachia kidole ikatike hapohapo, au iondoke kama shoga yako anayeaga huku anaongea mpaka barabarani. Noti ni ileile, ila ukizungusha hivyo vinne inageuka ngoma, filimbi, au kinanda cha kanisani. Kwenye singeli yangu A iko sifuri siku zote. Singeli haibishi hodi.

Sasa akaja dada mmoja anataka wimbo wa kumuaga mdogo wake anayeolewa. Akaniambia, “Sista, usiniletee fujo zako. Nataka watu walie.”

Basi nikaanza kuitafuta sauti ya kuliza watu. Mtoto kakaa karibu na spika, kanipa mgongo, ananyonya kijiko. Nikapiga noti nzito, A sifuri. Akageuka, akacheka. Nikaipandisha A, nikapiga noti ileile. Ikaja taratibu, ikavimba, ikajaa chumba kizima. Yeye na kijiko chake. Nikaongeza sauti. Jirani akagonga ukuta: “We mama, tuonee huruma!” Mtoto na kijiko. Nikarudisha A sifuri, akageuka anacheka. Nikaipandisha tena. Kijiko.

Nikasimama. Nikainyanyua spika, nzito kama gunia la mkaa, nikaitupa juu ya godoro. A sifuri. Nikapiga noti mpaka mwenyewe nikashtuka. Hakugeuka. Nikaita jina lake, nikapiga kelele. Kijiko kikamponyoka, akakiokota, akaendelea.

Alikuwa hachezi muziki. Alikuwa anacheza mshindo unaompanda kutoka kwenye mbao.

Nilikumbuka kliniki, nikawaka. Nesi ana foleni ya akina mama mpaka nje, akaigonga meza niliyomkalishia mtoto, eti anampima masikio. Mtoto akageuka, nesi akasema huyu mzima, mwingine. Na kila nilipouliza mbona hajasema hata “mama”, jibu lilikuwa hilohilo: wa kiume huchelewa.

Mume wangu aliporudi nikamweleza. Akacheka. “Mtoto anayecheza singeli kabla hajatembea sawasawa, leo unaniambia hasikii? Umechoka wewe, kalale.”

“Nimechoka na nyie,” nikamwambia. “Kesho nampeleka hospitali, utake usitake.”

Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka bara kumsalimia mjukuu wake. Nikajua atamtetea mwanawe, na kweli akanigeukia. “Mkwe wangu, mbona mie nikimwita anageuka? Mume wangu huyu, hajawahi kunikatalia.” Ndivyo anavyomwita mjukuu, mume wangu.

“Mama, unamwita huku unapiga mguu chini. Panda kitandani, miguu juu, umwite.”

“Mie nipande kitandani kwenu?”

“Panda, mama. Nakuomba.”

Akapanda, akakunja miguu ndani ya khanga. “Mume wangu!” akaita. Mtoto anachezea kifuniko cha sufuria, kampa mgongo. “We babu! Mwanamume! Mume wangu, unaninunia?” Mwanzoni alikuwa anaita kwa utani. Baadaye sauti ikapanda, halafu ikaanza kutetemeka, na bado anaita. Mume wangu mie, aliyekuwa kasimama mlangoni, akakaa chini.

Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Nilikuwa na maneno ya wiki nzima. Lakini mama aliposhuka kitandani alinishika mkono tu, akauliza, “Hospitali wanafungua saa ngapi?”

Tulikwenda wote wanne. Daktari alimpima kwa utulivu, kwa vifaa, hakugonga meza. Akasema hasikii kwa masikio yote mawili, ila usikivu kidogo umebaki, na vifaa vya kuvaa sikioni vinaweza kumsaidia. Akasema pia tuanze kumfundisha kwa mikono na uso, tusingoje vifaa. Mie nikauliza kama ningemleta mapema ingekuwaje. Akanijibu ukweli: ingekuwa bora. Mume wangu akatazama viatu vyake. Sikumwonea huruma pale, baadaye ndiyo nilimwonea.

Siku ya pili jioni mume wangu akarudi kutoka kazini kachafuka vumbi la mbao, akasimama mlangoni kama kawaida, akaita, “Dansa wangu!”

Mama mkwe alikuwa anachambua mchicha. “Unamwita nani?” akamkaripia. “Ukuta? Zunguka mbele yake, piga magoti, akuone mdomo.”

“Mama, nimetoka kazini sasa hivi...”

“Na yeye kazi yake kukutafuta wewe? Zunguka!”

Akazunguka, akapiga magoti na vumbi lake. Mtoto akainua kichwa, akamwona, akanyoosha mikono yote miwili. Mie bado nilikuwa na hasira nao wote. Nikasogeza sinia la mchicha, nikawapisha.