Kundi Letu Lilipohamia Chumba cha Mama Mkwe

Simu yangu ililia ujumbe wa kundi usiku wa manane, na papo hapo nikasikia ya mama mkwe ikilia chumba cha pili. Nikaganda na mtoto mkononi. Wiki nzima kiongozi wa kundi letu la wazazi wapya hapa Elerai alikuwa akitangaza, "Tunahamia mtandao mwingine, huko kuna siri zaidi," kumbe katuhamisha na maongezi yote ya nyuma, halafu akaongeza kina mama wote wa usharika! Mama mkwe yumo, maana tangu aje kutoka Rombo kunihudumia uzazi anasali nao. Na mimi nilishaandika, kwa jina langu, kwamba namwogopa mwanangu mwenyewe, kwamba mama akienda sokoni nakaa mlangoni nalia mpaka arudi.

Kufuta siwezi, anayeweza ni kiongozi, na kiongozi keshazima simu akalala.

Asubuhi mama akaniletea mtori, akavua miwani, akaifuta kwa kanga taratibu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimesoma."

Nikainamia bakuli.

"Kunywa, mtori unapoa. Mumeo alipozaliwa nilimwogopa miezi miwili. Nilikuwa namwachia bibi yake, naenda kumkatia majani ng'ombe aliyekwishashiba." Akacheka kidogo. "Ila mwanangu asijue."

Jamani, hii mitandao ya siri imenichosha. Lakini sokoni sasa tunakwenda wote watatu. Gazeti hili mume wangu husoma kurasa za mpira tu. Zaidi ya ninyi, nimemwahidi mama, sitamwambia mtu mwingine.