Mtoto wa Kibuyu Katika Wodi ya Wanawake

Lile jengo la mawe la Korogwe alilijenga Mjerumani liwe hospitali. Mwingereza akalirithi, na vibarua wa mashamba ya mkonge wakawa wanalazwa humo. Sasa wagonjwa wamehamishwa, na mle ndani wameweka ngoma, mikuki, vinu na vyungu, ili wageni waje kutazama mambo yetu ya kale. Kale ipi? Mimi sijazeeka bado, nami nililazwa mle.

Nilitoka Sindeni alfajiri. Jirani yangu, aliyepelekwa kule kuwachezea wageni ngoma, aliniambia ameona mtoto wa kibuyu ndani ya kabati la vioo, ana ufa ubavuni ulioshonwa kwa uzi wa katani. Nikajua ni wetu. Kwetu Uzigua mwali akiwekwa ndani hupewa mtoto wa kibuyu amlee: amwogeshe, ampake mafuta ya nyonyo, alale naye. Siku ya kutoka, mtoto anarudi kwa mama mkubwa kumngoja mwali mwingine wa ukoo. Ule ufa aliushona mama yangu. Wa mwisho kumlea yule mtoto alikuwa dada yangu. Na sasa binti yangu alikuwa ndani, karibu atatoka, na hana mtoto.

Mlangoni nilimkuta mlinzi, mtu mzima anayekaa Manundu, Mnyamwezi aliyekuja zamani kukata mkonge. Mnyamwezi na Mzigua ni watani, basi hakunisalimu kwa heshima.

"Mzigua! Leo umeleta mtoto gani wa kumuuza kwa pishi ya mtama, kama babu zako wakati wa njaa?"

"Wewe mpagazi, tua kwanza mzigo wa Mwarabu, ndipo uniulize."

Akacheka, akaniingiza. Wodi ya wanawake imepakwa chokaa mpya, lakini ndoano za vyandarua bado ziko darini.

Waliotufanyia haya nawataja. Majina yao sina haja nayo, kazi zao zatosha. Wa kwanza ni meneja wa shamba. Maji machafu ya korona, ile mashine ya kuchuna mkonge, aliyaachia yaingie kijito tulichokuwa tunakunywa. Mama alikwenda kumwambia, akajibiwa kwamba sisi tumezoea. Kambi yetu ya vibarua ikaharisha damu. Wa pili ni mnyapara. Aliamriwa asiache mgonjwa kambini, akavunja mlango wa chumba cha mwali, akamtoa dada yangu mchana mbele ya wanaume, hata kitambaa cha kumfunika hakuomba. Mimi nilibebwa nyuma yake. Wa tatu ni dresa, mfunga vidonda wa hospitali, mtu mweusi kama mimi. Alimpokonya dada yule mtoto mlangoni mwa wodi, akasema, "Uchafu huu tunachoma." Dada alimwulizia mtoto wake mpaka sauti ikamkauka. Alikufa tumelala kitanda kimoja. Mimi nikapona.

Na mtoto hakuchomwa! Alikuwa mbele yangu, amesimama nyuma ya kioo, shanga shingoni.

Nilinyoosha mkono nikamvua mlinzi tarbushi yake ya kazi. Mtani akichukua kitu chako humshitaki barazani, unakikomboa.

"Komboa," nikamwambia.

"Haya, jizi. Nikupe kuku?"

"Nipe huyo."

Kicheko kikamwisha. "Mama, kofia ni ya serikali, na huyo ni wa serikali. Changu humu ni hii miguu tu. Chukua miguu."

"Serikali ilimzaa lini?"

"Mimi nimeambiwa alitoka nyumbani kwa daktari wa zamani. Kuna dresa alimpelekea zawadi."

Nikamweleza habari ya dada, yote. Alisikiliza ameshika kichwa chake kitupu, mvi zimejaa.

"Bwana mkubwa wa jumba hili akimkosa huyo," alisema, "mimi ndiye nitakayefungwa. Na watoto wangu bado wadogo."

Nilimtazama sana. Nilimtafuta yule dresa katika uso wake, sikumwona. Nikamrudishia kofia.

Akatoa ufunguo, akafungua kabati. "Kumpa siwezi. Kumshika, mshike. Mimi naenda kufagia baraza."

Nilikuwa nimebeba mafuta ya nyonyo katika kichupa. Nilikaa sakafuni nikampaka. Alikuwa amekauka, akayanywa mafuta kama ardhi ya Handeni inavyokunywa mvua ya kwanza. Nilipofika shingoni, uzi wa shanga ulikuwa umeoza, ukakatika, shanga zikabaki kiganjani mwangu. Nilizifunga katika ncha ya kanga. Mtoto nikamsimamisha pale pale walipomweka.

Mlinzi aliporudi aliiona ile shingo tupu. Akafunga kabati polepole.

"Panya wa humu wabaya," akasema. "Wanakula hata uzi."

Binti yangu alitoka ndani na kibuyu kipya, kilichochumwa shambani Misima, kimevishwa shanga zile. Mama mkubwa alizipapasa, maana macho yake hayaoni vizuri, akasema, "Zenyewe. Imetosha." Wanawake wakapiga vigelegele.

Mimi sikupiga. Niliwaambia pale pale kwamba haijatosha. Mtoto aliyelelewa na dada yangu yuko Korogwe, wageni wanamtazama, na katika wale watatu hakuna hata mmoja aliyewahi kufika kwetu kusema pole.